Deni Lililopungua Lenyewe

Saa nne asubuhi, Septemba 2011, nilimkuta dada wa kaunta ameegemeza shavu kwenye kiganja, anaitazama skrini. Mbele yake watu wanane wamepanga foleni, wengine na noti zimefungwa kwa mpira, vidole bado vina rangi ya karafuu. Hapakuwa na anayehudumiwa. Wote walikuwa wakingoja taarifa ya deni la mtu mmoja ifunguke.

"Inafikiri, kaka," akaniambia bila ya kugeuka. "Ikishamaliza kufikiri itasema."

Duka lenyewe ni la jumla, lipo Chake Chake: mchele, unga, sukari, saruji, mabati. Kama maduka mengi ya Pemba ya aina hiyo, wateja wake wengi hukopa mpaka karafuu. Mtu anachukua mabati thelathini mwezi wa Machi, analipa mikarafuu yake ikishachumwa na karafuu zikishakauka juu ya jamvi. Mwaka ule bei ya karafuu ilikuwa imepandishwa, watu wameshika fedha, na kila mmoja anataka jina lake litoke kitabuni kabla fedha hazijapata njia nyengine. Taarifa ya deni, ambayo siku za kawaida ilitolewa mara tano au sita kwa siku, sasa ilitakiwa mara mia. Hapo ndipo uvivu wa miaka yote ulipoonekana.

Mimi nilikuwa fundi wa waya na printa. Programu sikuiandika mimi. Iliandikwa kwa Clipper, lugha ya programu ya zama za DOS, na bwana mmoja ambaye baadaye alihamia Maskati, akaacha disketi tatu zenye msimbo wake wote, yaani maandishi ya programu yenyewe. Kwa jambo hilo namwombea dua mpaka leo, kwani wenzake wengi huondoka na kila kitu, wakakuachia programu usiyoweza kuifumua.

Mzee, mwenye duka, alikuwa ameshaamua: anunue kompyuta mpya. Nikamwomba wiki moja kwanza. Si kwamba nilikuwa na jibu. Ila nilikuwa nimeitazama taa ya habu, kisanduku kinachounganisha waya za kompyuta zote, ile pale juu ya kabati, na kila mtu akiomba taarifa ya deni taa ile ilikuwa haipepesi tena, inawaka moja kwa moja mpaka taarifa itoke. Kompyuta inayofikiri haijazi waya. Anayejaza waya anahamisha mzigo.

Na mzigo ulikuwepo. Clipper haina sava inayofanya kazi kwa niaba yako. Kompyuta ya ofisini inaazima diski yake tu; kutafuta kote kunafanywa na kompyuta iliyo mbele ya dada wa kaunta, na kila inachotaka kukiangalia lazima kipite kwenye waya kimfikie. Faili la miendo, yaani kila mkopo na kila malipo tangu programu ianze, lilikuwa na rikodi 412,306, kila moja baiti 118. Piga hesabu: megabaiti 48 na ushee. Habu ile ya megabiti 10 kwa sekunde, ikiwa na bahati na iko peke yake, inasukuma kama megabaiti moja kwa sekunde. Kompyuta zilikuwa nne, zote zinagombania waya huo huo. Nilipima kwa saa ya mkononi: dakika moja na sekunde arobaini kumwambia mtu anadaiwa kiasi gani.

Faili la DBF, aina ambayo Clipper huhifadhia rikodi zake, si kitu kigumu kukielewa. Juu lina kichwa kinachosema rikodi ni ngapi na kila moja ina baiti ngapi. Chini yake rikodi zimefuatana, urefu mmoja, kama magunia yaliyopangwa stoo. Ukitaka rikodi ya elfu tatu, unazidisha, unaongeza urefu wa kichwa, umefika. Lakini ukiuliza rikodi za mteja fulani ziko wapi, faili halina habari. Za kwake zimetapakaa kote, moja ya mwaka huu, moja ya miaka sita nyuma. Kwa hilo unahitaji faharasa, faili la pembeni lenye funguo zilizopangwa kwa mfuatano, na kwa Clipper kawaida ni NTX.

Bwana wa Maskati alikuwa ameweka NTX mbili tu kwa miendo: ya tarehe na ya namba ya risiti. Taarifa ya mteja aliitoa kwa SET FILTER. Amri hiyo ni sawa na kumsimamisha kijana mlangoni mwa stoo, kila gunia lipite mbele ya macho yake, arudishe lisilokuwa la mteja anayetakiwa. Magunia yote lazima yapite. Simlaumu. Alipoandika, faili lilikuwa na rikodi elfu chache, na kijana alimaliza kabla chai haijapoa. Tena zama zile kila NTX ni faili zima linalofunguliwa peke yake, na DOS, mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows, ilikuwa na hesabu ya mafaili inayokubali kuyafungua kwa pamoja, hesabu unayoiandika kwenye CONFIG.SYS, faili lake la mipangilio. Watu walikuwa mabakhili wa faharasa kwa sababu ya haki.

Nikaamua kuhamia CDX. Hiyo ni aina nyengine ya faharasa, imetoka upande wa FoxPro, programu nyengine inayotumia mafaili ya DBF: faili moja linabeba faharasa nyingi, kila moja na jina lake. Pia CDX hubana funguo. Ufunguo ukianza kwa herufi zilezile za ule uliotangulia, herufi hizo haziandikwi mara ya pili, huandikwa kilichotofautiana tu. Kwetu hilo lina faida yake. Panga majina ya wateja wa duka lolote la Pemba uone: Khamis Ali, Khamis Haji, Khamis Juma, Khamis Juma, Khamis Juma wa tatu. Kwenye NTX kila Khamis anaandikwa kamili. Kwenye CDX wa kwanza ndiye anayebeba jina, wenzake wanaazima.

Kuijenga upya programu nilitumia Harbour, kompaila ya bure, yaani kigeuzi cha msimbo kuwa programu, inayosoma msimbo wa Clipper na kujua NTX na CDX zote mbili. Niliipakua usiku, nikaenda kulala, asubuhi ikawa tayari.

Jaribio la kwanza lilinitia aibu. Nilitengeneza nakala ya mafaili, nikaunda CDX, nikabadilisha sehemu tatu nne za msimbo ili programu itumie njia mpya, nikamwita Mzee aje aone. Akavuta kiti. Nikaandika namba ya mteja, nikabonyeza. Tukangoja. Mzee akatoa tasbihi mfukoni. Sekunde tisini na tano.

"Imeongeza mwendo?" akauliza, bila ya kejeli, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kosa nililiona njiani nikirudi nyumbani, nimekaa nyuma ya gari la abiria kuelekea Wawi. Nilikuwa nimemjengea mtu mlango mpya wa mbele, lakini amezoea kuzunguka nyumba apitie uani, na hakuna aliyemwambia mlango upo. SET FILTER ilikuwa bado pale pale ndani ya msimbo. Kwa Clipper, na kwa Harbour nilivyoitumia, SET FILTER haijali kama kuna faharasa nzuri pembeni; inasoma kila rikodi. FoxPro ina ufundi wake uitwao Rushmore unaotazama faharasa kabla ya kuchuja, nami nilikuwa nimesoma habari zake nikadhani zinakuja na CDX kama zawadi. Haziji.

Kazi halisi basi ikawa kwenye msimbo. Kila palipochujwa, nikaweka utaratibu mwengine: chagua faharasa ya mteja, ruka mpaka rikodi yake ya kwanza kwa SEEK, amri ya kutafuta ndani ya faharasa, kisha songa mbele moja moja maadamu namba ya mteja ni ileile, ukikuta ya mwengine simama. Faharasa ni mti. Ukurasa wa juu unakwambia uende tawi gani, tawi linakupeleka tawi dogo, mpaka jani. Kwa rikodi laki nne, kurasa nne au tano zinatosha, na ukurasa wa CDX ni baiti 512. Kwa hiyo badala ya megabaiti 48, kinachopita kwenye waya ni kilobaiti mbili tatu za kutafutia na rikodi za mteja huyo peke yake.

Ufunguo niliufanya namba ya mteja ikifuatiwa na tarehe, ili taarifa itoke imeshapangwa. Hapo nikajikwaa kidogo. Tarehe niliigeuza maandishi kwa DTOC, ambayo hapa inatoa 14/09/11, na maandishi hupangwa kutoka kushoto. Taarifa ikatoka tarehe mosi za miezi yote zimekaa pamoja kama wazee barazani. DTOS ndiyo inayotoa 20110914, mwaka mbele. Neno moja, herufi moja, saa mbili za usiku wangu.

Nilipomwita Mzee mara ya pili hakuvuta kiti. Taarifa ilitoka kabla kidole changu hakijaachana na kitufe. Akaniambia nirudie kwa mteja mwengine, kisha mwengine, kisha akataja namba yake mwenyewe, kwani naye hujikopesha. Ikatoka. Akacheka.

Faili la wateja lilikuwa na shida yake. Lilikuwa na sehemu ya maelezo marefu, mambo kama "nusu atalipa mwanawe aliyeko Wete". Maelezo hayo hayakai ndani ya DBF. Chini ya NTX hukaa kwenye faili la DBT, chini ya CDX hukaa kwenye FPT, na mpangilio wa ndani ni tofauti. Kubadilisha jina la faili hakusaidii chochote. Njia ni kulifungua kwa utaratibu wa zamani na kulinakili kwa utaratibu mpya, programu yenyewe ihamishe maelezo moja moja. Nikafanya hivyo, nikahesabu. La zamani rikodi 6,214. Jipya 6,077.

Ilikuwa baada ya Isha, niko peke yangu na feni. Wateja 137 wamekwenda wapi? Nikanakili upya, hesabu ileile. Ndipo nikakumbuka kwamba kwenye DBF rikodi ikifutwa haiondoki. Kila rikodi ina baiti moja mwanzoni ambayo huwa nafasi tupu. Ukifuta, pale huwekwa nyota, basi. Rikodi inabaki imelala humo miaka, na inahesabiwa. Programu ilikuwa imeagizwa isizione zenye nyota, kwa hiyo katika kunakili iliziruka. Nikahesabu nyota: 137. Tangu hapo silinganishi idadi peke yake. Ninajumlisha salio la kila mteja kwenye faili la zamani na jipya, na kama hazikulingana mpaka shilingi ya mwisho, hakuna anayelala.

Faili la miendo halikuwa na maelezo marefu, hivyo sikulinakili. Nililiacha palepale, folda ileile, nikaliundia CDX tu. Na zile NTX mbili za zamani nazo niliziacha pembeni yake, kwa usalama. Hayo maneno mawili, "kwa usalama", yatarudi.

Tulihama siku ya Ijumaa, duka limefungwa. Jumamosi foleni ilikwenda. Malalamiko ya wiki ya kwanza yalikuwa moja, la dada wa kaunta: zamani alikuwa akiandika lakabu au jina la katikati na mtu anapatikana. Sasa hapatikani. Alikuwa na haki. Uchujaji wa zamani ulitafuta herufi popote ndani ya jina. SEEK inaanza herufi ya kwanza, na ukikosea mwanzo umekosa yote. Na sisi mwanzo wa jina ndio hasa tusiokubaliana: mtu mmoja leo ni Moh'd, kesho Mohamed, risiti nyengine Muhammed. Kwa hiyo utafutaji wa kizembe nikaurudisha, kwa faili la wateja tu, kwenye kitufe chake. Rikodi elfu sita husomwa zote na hakuna anayehisi. Nilikuwa karibu kuuondoa ujuzi wa dada yule wa miaka minane kwa ajili ya sekunde moja.

Siku ya kumi na moja akaja bwana mmoja mtu mzima wa Kangani. Alilipa nini na nini, akapewa taarifa yake, akaisoma palepale kaunta, kidole chini ya kila mstari.

"Bibie, hesabu hii si yangu."

"Si yako vipi, baba? Jina lako, namba yako."

"Jina langu. Deni si langu. Langu kubwa."

Akatoa mfukoni karatasi ya kaboni iliyokunjwa mara nne. Mifuko kumi ya saruji, imetolewa stoo Jumatano iliyopita, kwa mkopo. Kwenye taarifa haimo. Dada akaandika namba upya. Haimo. Foleni yote ikawa kimya, kwani ni mara chache kumsikia mtu akidai anadaiwa zaidi. Mzee alitoka ofisini, akaipokea karatasi, akaisoma, akanitazama.

"Mwanangu, programu yako inawasamehe watu madeni? Mimi sijawasamehe."

Nilifungua faili la miendo bila ya faharasa yoyote, kwa mpangilio wake wa asili, nikaenda mwisho, nikapanda juu taratibu. Saruji ikatokea. Namba ya mteja sawasawa, tarehe sawasawa, mifuko kumi. Rikodi ipo. Nikawasha faharasa ya mteja, nikatafuta. Haipo. Nikahesabu rikodi kwa asili, kisha nikahesabu kwa kupitia faharasa. Tofauti ilikuwa 63.

Sasa anayejua mambo haya ameshaelewa, lakini mimi ilinichukua dakika kumi na jasho. Nilibadilisha programu kwenye kompyuta za dukani. Ya stoo, ile iliyoko nyuma ya ukuta karibu na mizani, niliisahau. Msimamizi wa stoo aliendelea kubonyeza ikoni yake ya zamani. Programu ya zamani ililikuta faili la miendo, na NTX zake mbili nilizoziacha kwa usalama, haikuona kasoro yoyote. Ikawa inaongeza rikodi na kusahihisha NTX. CDX haijui kama ipo duniani. Kaunta nayo inaongeza rikodi na kusahihisha CDX, NTX imezisahau. Rikodi zote zimo ndani ya faili moja, lakini za stoo hazimo kwenye faharasa inayosomwa kaunta, na faharasa hailalamiki. Ukiiuliza kitu isichokijua inakujibu kwa haraka na kwa adabu kwamba hakipo.

Kufuli zilinitisha zaidi nilipozifikiria. Programu mbili zinapoandika faili moja, huzuiana kwa kufunga sehemu maalumu ya faili, na CDX ya Harbour hufunga mahali tofauti na NTX ya Clipper. Maana yake kwa siku kumi na moja stoo na kaunta zilikuwa zikiandika kwa pamoja, kila mmoja akiamini yuko peke yake. Mmoja angeweza kuandika juu ya rikodi ya mwenzake. Tulikaa na vitabu vya risiti na vya stoo mpaka usiku, mimi nasoma, dada anatia tiki. Hakuna kilichofunikwa. Ilikuwa bahati tu, sikuwa nimefanya la maana lolote kuizuia.

Kuunda faharasa upya hakukufika nusu dakika, kwenye kompyuta ya ofisini yenyewe bila ya kupitia waya. Deni la bwana wa Kangani likarudi ukubwa wake. Baada ya hapo nilifanya nilichotakiwa kukifanya ile Ijumaa: NTX zote nikazitoa, mafaili nikayahamishia folda mpya yenye jina jengine, na ile ya zamani nikaiacha tupu. Atakayefungua programu ya zamani akutane na kosa kubwa jekundu katikati ya skrini, asimame, anipigie simu. Wa kwanza kukutana nalo alikuwa msimamizi wa stoo, asubuhi yake.

"Kwangu ilikuwa ikifanya kazi vizuri tu," akaniambia nikimwekea mpya.

"Najua, ami. Hiyo ndiyo ilikuwa shida."

Hakupendezwa na jibu, na sikumlaumu. Ukweli ni kwamba yeye hakufanya kosa lolote katika habari hii yote.

Habu ilibadilishwa na swichi ya mtandao mwaka uliofuata, na kompyuta mpya aliyoitaka Mzee alikuja kuinunua pia, ila kwa ajili ya mjukuu wake anayesoma skuli. Siku hizi kila Alkhamisi jioni hesabu zinafanywa mara mbili kwa amri moja, kwa asili na kwa faharasa, zikitofautiana hata kwa moja karatasi inatoka kwenye printa. Faili la bidhaa sijaligusa. Wameniuliza mara mbili kwa nini nalo lisiharakishwe. Lina rikodi elfu moja na mia tisa, linasomwa lote toka juu hadi chini kabla mtu hajamaliza kupiga chafya, na maadamu hakuna anayelingoja, na likae lilivyo.